Kitalu cha Uani

Mwenye nyumba alisukuma mlango wa stoo kwa goti, akasimama kando ili wapangaji wake wapate kutazama. Ndani mlikuwa na mbao, mabati yaliyopinda na dirisha dogo lililozibwa kwa kipande cha gunia.

"Kitanda kimoja kinaenea," alisema. "Na mzee wenu akitaka kujipikia chai yake, kona ile haina shida."

Mume, fundi mwashi, aliegemea mkongojo akakipima chumba kwa macho, kama alivyokuwa akipima vyumba vya watu kabla hajaanguka kutoka kwenye jukwaa. Mkewe aliingia ndani kabisa, akagusa ukuta kuona kama una unyevu.

"Tunakitaka," mke alisema. "Utungojee tu mpaka miche iuzwe."

"Miche gani?"

"Ya nyanya. Tunaisia hapa hapa uani. Kuna mama ana shamba bondeni, amesema atachukua yote."

Mwenye nyumba alicheka, bila ubaya. "Nimewahi kungoja mshahara wa mtu, nimewahi kungoja mahari ya mtu. Leo nangoja nyanya. Haya. Lakini mvua zikianza sijaona kitu, nampa mwingine."

Basi jambo lenyewe lilikuwa hilo. Chumba cha pili kikipatikana, mama yake fundi angeendelea kukaa nao. Kisipopatikana, angepelekwa kwenye nyumba ya wazee nje ya mji. Mwanawe mkubwa, dereva wa lori, alikuwa na nyumba nzima, na mke aliyesema hataki kuona ugoro ukitemwa kwenye sakafu yake. Mwanawe mdogo, fundi, alikuwa na chumba kimoja, mke, mtoto wa kike na nyonga iliyokataa kuunga. Ndugu hao wawili walikubaliana hivyo wakiwa wamesimama dirishani, wakidhani mama yao amelala. Hakuwa amelala. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakohoa ili wajue anaamka.

* * *

Fundi alitengeneza udongo kwa namna aliyoijua. Alichanganya udongo na samadi akauchekecha kwa chekecheke lake la mchanga wa plasta, mpaka ukawa laini kama unga. Alipasua ndoo kuukuu za rangi kwa urefu, akazitoboa chini, akazijaza. Kisha aliketi, mguu mbaya ameunyoosha mbele, akaweka pima maji juu ya udongo na kuinamia kile kipovu.

"Unajenga ghorofa?" mkewe aliuliza.

"Maji yakituama upande mmoja, mbegu zinaoza."

"Sawa, Fundi. Usisahau na linta juu ya mlango."

Bibi, mama yake fundi, ndiye aliyecheka zaidi. Tangu ahamie pale alikuwa akicheka kila walipocheka wengine, na mara nyingine kidogo kabla yao.

Macho yake yalikuwa na ukungu lakini vidole vilikuwa vizima, kwa hiyo kusia mbegu kukawa kazi yake. Alichora vifereji kwa ncha ya kidole, akadondosha mbegu moja moja, akazifunika kwa udongo mwepesi na kutandaza juu yake gunia lililoloweshwa. Asubuhi mke wa fundi alipokwenda kufua nguo kwenye nyumba za watu, alimwacha mkwewe amekaa kando ya zile ndoo kama mtu anayelinda mgonjwa.

Mjukuu ndiye aliyeziona kwanza. "Bibi, zimeota."

"Ziamkie basi, mke mwenzangu. Zimetoka mbali."

Mtoto aliinama akazipa shikamoo. Miche ilikuwa miembamba kama uzi, kila mmoja na majani yake mawili. Ilipotoa majani ya kweli, Bibi aliihamishia kwenye pakiti tupu za maziwa ambazo mke wa fundi aliziokota jikoni kwa watu na kuzisuuza. Kila mche aliunyanyua kwa kuushika jani, akauchomeka kwenye tundu alilolitoboa kwa kijiti, akaubana udongo shingoni kwa dole gumba. Katikati ya mche na mche alifungua kikopo chake, akachota ugoro kidogo, akanusa, akafuta vidole kwenye kanga, akaendelea. Ugoro huo aliusaga mwenyewe kwa tumbaku aliyoinunua kwa majani. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya chai miaka yote, hata hakuna aliyekuwa akiiona tena.

Halafu wakaja vidukari, wale wadudu wadogo wanaojibandika chini ya jani na kulinyonya. Mke wa fundi aligeuza jani moja, akageuza la pili, akaketi chini.

"Niachieni mimi," Bibi alisema. "Hawa nimeanza kupigana nao kabla hujazaliwa."

Aliloweka tumbaku kwenye ndoo mpaka maji yakawa meusi, kisha akachukua fagio la chelewa akawa anachovya na kurashia, pakiti kwa pakiti, huku akiwatukana wadudu kwa sauti ya chini. Siku zilizofuata vidukari walikauka wakapukutika. Fundi aliyaangalia majani, akamtazama mama yake.

"Kumbe tuna bwana shamba wa bure humu ndani."

"Kweli, mama," mke alisema. "Bila wewe tungefanyaje?"

Jioni ile, wakila, Bibi aliuliza kama kitanda chake huko stoo kitaelekezwa dirishani au mlangoni. Mwanawe akamwambia achague mwenyewe.

* * *

Madoa yalianza kwenye pakiti za pembeni. Jani lilikuwa na mabaka, hapa kijani kizito, pale kijani cha kupauka, kama ukuta uliopigwa chokaa na mtu mvivu. Kisha majani mapya yakatoka membamba na kujikunja.

"Umeimwagia maji ya sabuni," fundi alimwambia mkewe.

"Sijaimwagia."

"Unafua hapa uani, sabuni inakwenda wapi?"

"Inakwenda mtaroni, kama siku zote. Na unayekaa hapa kutwa ni wewe. Uliniona lini?"

Fundi aliuvuta mkongojo wake karibu. Kule kukaa kutwa ndiko kulikokuwa kukimuuma, na mkewe alijua.

Bibi alisema ni vidukari wamerudi kwa siri. Akaongeza tumbaku kwenye ndoo, akarashia tena, safari hii asubuhi na jioni.

Mama wa bondeni alikuja siku ya soko, amevaa viatu vizuri, kuona kama miche imefikia kupandwa. Mke wa fundi alimpa kiti akakataa kwa adabu. Alipita kati ya pakiti, na baada ya hatua chache akasimama, akashika pindo la gauni lake na kulipandisha hadi magotini, kama mtu anayevuka maji machafu.

"Hii ni batobato, ule ugonjwa wa mabaka," alisema.

"Ni ile ya pembeni tu," fundi alisema. "Hii ya katikati ni mizima. Itazame."

"Naitazama, baba. Ndiyo maana sitaki inigusie nguo. Nina nyanya zangu nyumbani."

"Tunaweza kukupunguzia."

"Batobato hainunuliki hata ya kupunguziwa." Alisema taratibu, na uso wake ulionyesha kwamba hakufurahi kuyasema hayo. "Mpelekee jani yule aliyewauzia mbegu, atawaambia kilichotokea. Mama, shikamoo. Samahanini sana."

Bibi aliitikia marahaba, mikono imeshika fagio. Mgeni alirudi njia ile ile aliyoingilia, gauni bado amelipandisha, mpaka alipofika barabarani.

* * *

Muuza mbegu alikuwa kijana mwenye duka jembamba lililojaa majembe, mabomba ya kupulizia na picha za mboga zilizopauka kwa jua. Alilipokea jani kwa kipande cha gazeti, hakuligusa kwa mkono. Alilinyanyua kwenye mwanga wa mlango.

"Nani kwenu anavuta sigara?"

"Hakuna. Mume wangu havuti."

"Ananusa? Kuna mtu wa tumbaku yoyote?"

Mke wa fundi alitazama mfuko wa mbolea uliokuwa sakafuni. "Kwa nini unauliza?"

"Huu ugonjwa unakaa kwenye tumbaku. Jani likishakauka na kusagwa, ugonjwa wenyewe bado uko hai. Mtu anashika tumbaku, anashika mche, basi kaupa ugonjwa. Anashika na mwingine, kaupa. Wanaojua hunawa kwa sabuni kwanza, wengine husuuza mikono kwa maziwa."

"Na mtu akirashia maji ya tumbaku? Kwa ajili ya vidukari?"

Kijana aliweka jani chini. "Mmerashia?"

"Nauliza tu."

"Vidukari watakufa," alisema. "Hilo ni kweli. Lakini kwa miche midogo ya nyanya ni kama kumwogesha mtoto kwa maji ya mwenye upele." Alilifunga jani ndani ya gazeti. "Dada, dawa hakuna. Ng'oeni, chomeni, na udongo ule msiutumie tena kwa nyanya. Sisemi hivi ili nikuuzie kitu. Ningekuwa na cha kukuuzia ningekuuzia."

Mke wa fundi alishukuru akatoka. Njiani alifikiri jinsi ya kulisema nyumbani. Angeweza kulisema kwa upole, angeweza kuanza na vidukari, angeweza kusema sote hatukujua. Kila njia ilifikia palepale: mwanamke mzee aliyekuwa akifanya kazi kwa bidii ili asifukuzwe, na akajifukuza kwa bidii hiyo hiyo. Na yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale akamwambia, bila wewe tungefanyaje.

Alipofika uani, mumewe na Bibi walimgeukia. Bibi alikuwa ameinama juu ya pakiti, fagio linadondosha maji meusi.

"Anasema ni mbegu," mke alisema. "Pakiti ilikuwa mbovu toka kiwandani."

Bibi alijinyoosha polepole, mkono kiunoni. "Nilijua," alisema. "Mbegu za kufungiwa kwenye karatasi. Nilijua tu."

* * *

Kosa la mke lilikuwa kusahau mume wake ni mtu wa namna gani. Fundi aliyeuziwa saruji mbovu huurudisha ule mfuko dukani. Kesho yake, mke alipokuwa kwenye nguo za watu, fundi alivaa shati la kutokea, akachukua mkongojo, akaitafuta ile pakiti tupu ya mbegu na kuitia mfukoni.

Mwendo ule mtu mwenye miguu mizima angeumaliza haraka. Yeye alipumzika mara nyingi, mara ya mwisho kwenye ukuta uliokuwa ukijengwa, ambapo vijana wawili aliowafundisha kazi walimsalimia wakiwa juu ya jukwaa, wakamuuliza anaendeleaje, wakaendelea kupandisha tofali kabla hajamaliza kujibu.

Dukani walikuwapo wateja. Aliweka pakiti juu ya meza.

"Umeniuzia uchafu," alisema. "Nataka haki yangu."

Muuza mbegu aliisoma ile pakiti mbele na nyuma. "Wewe ndiye mume wa yule dada wa jana?"

"Ndiye mimi."

"Mbona nilimweleza?"

"Ulimweleza kwamba mbegu ni mbovu. Mimi sikuja kuelezwa, nimekuja kulipwa."

"Mzee, twende pale nje tuongee."

"Ongea hapa hapa. Ulipochukua hela hukuniita nje."

Kijana aliwatazama wateja, kisha akamtazama yeye, na sauti yake ikabadilika. "Mbegu zangu hazina neno. Nilimwambia mkeo kwamba kuna mtu kwenu anashika tumbaku na kushika miche. Kama hakukuambia, hilo ni la nyumbani kwenu, usiniletee dukani."

"Fundi siku zote huilaumu saruji kwanza," mteja mmoja alisema, akijua anasema na fundi. Wengine wakacheka. Haikuwa dhihaka kubwa. Walicheka kama watu wanavyocheka wakingoja zamu yao.

Fundi alichukua pakiti yake. Ngazi ya duka ilikuwa moja tu lakini ilikuwa ndefu kwenda chini, na mteja yule yule alimshika kiwiko akamsaidia kushuka.

* * *

Alimkuta mkewe kwenye bomba la nyuma ya nyumba, anajaza ndoo.

"Kwa nini umenifanya mjinga?"

Mke alielewa mara moja mumewe alikotoka. Alifunga bomba. "Ningekuambia ukweli, ungemwambia mama."

"Ndiyo. Ningemwambia."

"Basi ndiyo sababu."

"Nimesimama mbele za watu nadai haki. Wamenicheka."

"Pole."

"Pole," alirudia. "Ameteketeza kila kitu kwa mikono yake, na wewe unasema pole."

"Na mimi nilikuwapo akirashia. Nilimsifu. Na wewe ukamwita bwana shamba. Kamwambie, basi. Yuko pale. Kamwambie sasa hivi, halafu umwambie na afunge vitu vyake, uyamalize yote kwa safari moja."

Fundi alikwenda. Mkewe alimfuata akiwa na ndoo mkononi, hakukumbuka hata kuiweka chini. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mjukuu ameegemea magoti yake, na alisikia mkongojo kabla hajamwona mwenye mkongojo.

"Umerudi, baba? Amesemaje huyo wa duka?"

Fundi alisimama. Jasho lilikuwa limemlowesha shati la kutokea. Kwa muda alikuwa na uso aliokuwa nao alipoanguka, pale kabla maumivu hayajafika.

"Amekubali, mama," alisema. "Pakiti ilikuwa mbovu."

"Atatupa nyingine?"

"Hana nyingine."

"Watu wa maduka," Bibi alisema kwa kuridhika. "Ulivyomwendea mwenyewe ni vizuri. Asifikiri kwamba tumelala. Na nikwambie jambo, isingekuwa ile tumbaku yangu, hata hiyo wiki ya kwanza miche isingeimaliza."

Mke wa fundi alimwaga maji kwenye pipa, akayatazama yakitulia.

* * *

Waliing'oa yote. Fundi aliichoma ndani ya nusu pipa, na miche mibichi haikutaka kuwaka, ikatoa moshi mweupe mzito ambao majirani waliufungia madirisha. Bibi aliomba waache michache ya katikati, akaambiwa haifai, hakuomba tena. Mvua zilianza. Mwenye nyumba alipita mlangoni, akasema anasikitika kweli, na kesho yake kijana mmoja wa kazi za sokoni aliingiza godoro lake stoo, akaondoa gunia dirishani na kuweka kioo.

Dereva wa lori alikuja siku ya mapumziko yake na gari dogo la kuazima. Hakuzima injini.

"Mama, huko watu wanapikiwa. Wanaogeshwa. Kuna muuguzi."

"Ni kwa nani?"

"Ni nyumba ya wazee, mama."

"Nimesikia. Mwenyewe ni nani?"

"Haina mwenyewe. Ni ya wazee wote."

Bibi alifikiri kidogo juu ya nyumba isiyo na mwenyewe. "Ni mpaka chumba kingine kipatikane," alisema.

"Ndiyo, mama," wanawe wawili walisema karibu kwa pamoja.

Mtoto aliuliza kwa nini mke mwenzake anaondoka na nguo zake zote. Mama yake alimwambia avae viatu akacheze.

Nyumba ya wazee ilikuwa na ukuta mrefu, lango la chuma na vitanda vilivyopangwa kwa safu. Dereva alibaki kwenye gari akisema limeegeshwa vibaya. Fundi aliingia mpaka penye ngazi, akazihesabu kwa macho, akaketi kwenye ya chini. Mkewe ndiye aliyempandisha Bibi, akamkalisha kitandani, akapanga kanga zake kwenye kisanduku cha bati kilichokuwa na jina la mtu mwingine lililofutwa nusu.

Msimamizi, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi, aliuliza kama mgeni ana kazi yoyote anayoiweza, maana wanaojiweza hupewa shughuli, siku zisiwe ndefu.

"Mimi ni mtu wa nyanya," Bibi alisema. Aliketi wima. "Muulize mkwe wangu. Mimi nasia, nahamisha, nafukuza wadudu. Mwaka huu tulipewa mbegu mbovu, lakini kazi naijua."

"Anaijua," mke wa fundi alisema.

"Basi umekuja pazuri, bibi. Nyuma tuna kipande, kimelala tu."

Bibi aligeuka kumtazama mkwewe, na pamoja na macho yale yenye ukungu uso wake ulikuwa umefunguka kuliko siku yoyote aliyokaa nao. Mke wa fundi alimshika mikono yote miwili, akaibusu, akaondoka kabla hajaambiwa lolote zaidi.

Langoni alimngoja msimamizi afungue. Kwa nje alimwona mumewe anasaidiwa na kaka yake kuingiza mguu garini.

"Mama," alimwambia kwa sauti ya chini. "Akianza kazi ya miche, awe ananawa kwanza. Kwa sabuni, vizuri, kila mara kabla ya kuishika."

"Kwa nini? Ana ugonjwa?"

"Hana. Ndivyo alivyozoea. Hapendi kukumbushwa mbele za watu, ila ukimpelekea maji na sabuni atanawa."

Msimamizi alichagua ufunguo. "Maji yapo," alisema. "Sabuni hapa kila mzee huletewa na watu wa kwao."

"Tutaleta."

Msimamizi alilivuta lango, likafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita.